Miaka tatu nakunywa dawa ya amibe, kumbe ni kitu ingine

BARUA

Mama, jambo sana. Naomba radhi mbele juu barua itakuwa murefu na maneno yenyewe ni ya choo, lakini nimefika mahali haya ilishaisha.

Miye niko shofere, nina miaka 57, baba ya batoto sita, tunakaa Kadutu. Njia yangu ni ya Kamituga, naendesha kamyo, tunapandisha bilaji na sima ya kujengea, tunarudi na chenye tunapata. Benye banajua ile barabara banajua, wakati ya mvua unaweza kulala siku tatu mu matope. Kule unakula nini? Mukate, brosheti ya mbuzi, bugali ya muhogo ya mbio mbio, chai. Maji nakunywa kidogo juu sipendi kusimamisha gari kila saa. Na choo, Mama, nabana. Ama hakuna fasi ya kwenda, ama kuko bariyeri, ama bapasanje biko juu ya mizigo banapiga kelele twende, basi nabana mpaka hamu yenyewe inapotea.

Maumivu ilianza kuna sasa miaka tatu. Ni hapa chini ya tumbo, upande wa kushoto, karibu na mufupa wa kiuno. Inakamata inakamua kama mutu anakamua nguo, nikienda choo inaachilia kidogo. Siku zingine choo inatoka ngumu kama ya mbuzi, siku zingine ni maji tupu, na tumbo inajaa gaze mpaka mukaba haifungi. Nikaenda ku santre ya karibu, banapima choo, bananiambia "Papa, ni amibe, mbili plisi." Bananipa flajili siku saba, nikapona. Nyuma ya miezi mbili ikarudi. Tena amibe, tena flajili. Mara ingine banaongeza tifoide juu yake. Niko na sashe ya karatasi za labo, juzi nilizihesabu ziko 11, na zote zinasema kitu moja isipokuwa moja yenye ilisema minyoo. Sasa siendake tena kupima, nasimama tu ku farmasi, nasema nipe ya amibe, banishazoea.

Sasa kuna miezi mbili, tuko kwenye njia karibu na Mwenga, maumivu ikakuja tofauti. Haikuachilia. Homa, nikatetemeka, gari ikikanyaga ata jiwe ndogo nasikia kama kisu mu tumbo. Konvwayeri njo alishika usukani mpaka Bukavu. Ku hopitali bakanilaza siku sita, serumu, antibiotike mu mushipa, bakanipitisha ku skaneri. Docta akakuja na bastajeri yake, akaongea Kifaransa mbio mbio, akaandika ku karatasi divertikiliti ya sigmoide, akasema nirudi nyuma ya wiki sita bafanye kolonoskopi, akaenda ku kitanda ya jirani. Njo basi.

Tangu pale sijarudi. Makali iliisha lakini yale maumivu ya zamani inakuja inaenda. Nilifanya ekografi na damu wiki iliyopita, bananiambia hakuna kitu. Hakuna kitu namna gani na miye nasikia?

Bibi yangu na familia yake bo banasema ni karuho, sumu ya batu. Juu mwaka ile tulikuwa ku matanga ya shangazi yetu kwa mudogo yangu, Bagira, tulikunywa kasiksi, na wiki mbili nyuma tumbo ikaanza. Na kweli kuko maneno ya shamba ya baba, kule Walungu, katikati ya miye na yeye. Tangu siku ile sikuli tena kwake. Banataka banipeleke kwa mama mumoja anatapishaka batu karuho inatoka, kiisha anakupiga puwari ya miti, maji ya dawa ya kuingiza kwa nyuma. Dola 150.

Nikuulize basi. Hii divertikuli ni kansa inakuja? Papa wa kitanda ya jirani aliniambia nisikule tena maharagi, mahindi, nyanya, marakuja, kila kitu iko na mbegu, ni kweli? Ile puwari, niende ama niache? Na benzangu ku parkingi banasema niko nawaza sana, ni ya kichwa tu.

Nilitaka kusahau, kiafya mwili iko sawa, ni mugongo tu juu ya kukaa ku gari, kwa hiyo nakunywa diclo moja ama mbili kila siku.

Papa Shofere, Kadutu

JIBU

Papa Shofere, pole sana, na aksanti kwa kuandika bila haya, juu kwa haya hizi watu wengi wanaozea nyumbani. Niseme mbele kwamba mimi si docta, nilikuwa anfirmie mu servisi ya shirijii, yaani upasuaji, miaka mingi, na barua yako nimeisoma pamoja na docta mmoja wa tumbo ninayemwamini. Kwa hiyo tunakujibu wawili, lakini maneno makali ni yangu.

Na neno kali la kwanza ni kwa ule mstari wa mwisho, ule ulitaka kusahau. Diclo moja ama mbili kila siku! Papa, barua yako yote tuliisoma tumetulia, tukifika pale docta akaweka simu chini. Diclofenaki, ibuprofeni, na ndugu zao wote wa aina ile, ni dawa zinazojulikana kabisa kwamba zinamuongezea mtu mwenye divertikuli hatari ya kutoka damu na ya utumbo kutoboka. Hujui kama siku ile ya Mwenga diclo ilikuwa na mkono wake, hata sisi hatujui, lakini hatutaki kujua kwa mara ya pili. Ile plaketi iko mu gari itoe leo. Mgongo ukiuma, paracetamoli, kwa kipimo chake, na mto mzuri nyuma ya mgongo, na ushuke utembee kila unaposimamisha gari. Na kama ku parkingi kuna mwenye anakuambia tramadoli ni nzuri zaidi, kataa, inakufunga choo vibaya na yenyewe imo mu ile ile orodha ya dawa zinazoongeza hatari ya kutoboka. Kama kuna docta alikuandikia aspirini ya moyo ile usiikate mwenyewe, mwulize kwanza.

Sasa divertikuli ni nini. Nitakuongelesha ki-mekanike, utanisamehe. Unajua pine ikichoka ubavu, ile nyuzi ya ndani ikilegea mahali pamoja, presha inasukuma mpira unatoa nundu nje. Umeona nyingi kwa ile barabara yako. Utumbo mkubwa nao ni hivyo. Ukuta wake uko na tabaka ya nyama, na mahali mishipa ya damu inapopita mu ile nyama panabaki padhaifu, basi miaka na presha inasukuma ngozi ya ndani itoke pale, inakuwa kifuko kidogo, mara nyingi cha milimita 5 mpaka 10 hivi. Kifuko kimoja ni divertikuli. Kuwa navyo tu bila kuumwa si ugonjwa wa kulia. Ulaya na Marekani zaidi ya nusu ya watu waliopita miaka 60 wanavyo na wengi wao watakufa wazee bila kujua. Vinapendelea ile sehemu inaitwa sigmoide, ya mwisho kabla ya kutokea, chini kushoto, juu ndiyo nyembamba na presha inakuwa kubwa. Yaani hasa pale unaposhika mkono.

Kile kilichokulaza ni kitu kingine juu ya hicho: kifuko kimoja kilivimba, kikapata moto, njo divertikiliti. Homa, maumivu yasiyoachilia, kila mtikisiko ni kisu. Umeeleza vizuri kuliko vitabu. Hospitali walifanya vizuri kukulaza.

Tuje kwa zile karatasi zako 11. Hapa nitakaa kidogo juu hii ndiyo hadithi ya nusu ya Bukavu, kila tumbo ni amibe, na isipokuwa amibe ni tifoide. Kwanza amibe ziko, zinaua hata, sizikatai. Lakini ile mikroskopi ya santre inaona mdudu wawili wanaofanana kama mapacha, mmoja ni Entamoeba histolytica, huyo ndiye mbaya, mwingine ni Entamoeba dispar ambaye anaishi ndani ya mtu bila kumfanya lolote, na huyu asiye na kosa ndiye anapatikana zaidi. Kwa jicho tu hauwezi kuwatofautisha mpaka uone yule mbaya amemeza chembe za damu. Kwa hiyo ile plisi mbili yako inaweza kuwa ilikuwa ya kweli mara moja, na mara zingine tisa ilikuwa ya jirani tu. Tifoide nayo, ile tesiti ya Widali ya tone la damu, inaweza kuonyesha plisi kwa sababu uliugua zamani ama ulichanjwa, haisemi lazima kwamba unaumwa leo.

Utaniuliza basi kwa nini nikikunywa flajili ninapona? Swali zuri, lilinisumbua na mimi nikiwa kazini. Kuna majibu mawili na yote yanaweza kuwa ya kweli kwako. Moja, maumivu ya divertikuli yana tabia ya kuja na kuondoka yenyewe, siku saba za dawa zinapita, na yenyewe yangepita. Mbili, metronidazoli, yaani flajili hiyo hiyo, ni moja ya antibiotike madocta wanatumia kwa divertikiliti. Unaona mtego? Dawa ilikuwa inapiga mahali pengine, na sifa ilienda kwa amibe. Ndiyo maana karatasi zikafika 11 bila mtu kusimama na kuuliza mbona hii amibe inakaa kushoto tu.

Na usifikiri basi niendelee nayo. Mwaka 2012 kulitoka utafiti wa hospitali za Uswidi na moja ya Iceland, wagonjwa zaidi ya 600 wenye divertikiliti ya kawaida isiyo na matatizo, nusu walipewa antibiotike nusu hawakupewa, na wenye kupewa hawakupona mbio kuliko wengine. Wewe ulikuwa na homa ya kutetemeka, kesi yako iliamuliwa kitandani na walioona skaneri, mimi siigusi. Nasema tu ile ya kujinunulia kila miezi miwili iishe. Flajili ikikunywewa muda mrefu inaweza kuharibu mishipa ya fahamu ya miguu. Vidole vya miguu vinakufaka ganzi ama kuchomachoma? Kama ndiyo mwambie docta, na shofere anahitaji kusikia pedali.

Sasa "hakuna kitu." Hili neno natamani mu mahospitali wangelifuta. Wakikwambia ekografi na damu hazina kitu wanataka kusema hakuna moto kwa sasa, na hiyo ni habari njema, lakini hawakukwambia kwamba haiumi. Utumbo una mishipa yake ya fahamu mingi mno, na ukishachomwa mara moja ile mishipa inaweza kubaki na hasira. Gaze kidogo tu, choo kidogo tu, mtu mwingine hasikii, wewe unasikia kamua. Ni kama vwayan ya tabulo inawaka nyekundu na ukifungua moteri mafuta yapo, kosa liko mu waya. Taa imewaka kweli, hujaiota! Kuna watu pia hawana kifuko hata kimoja na wanaumwa hivi hivi, madocta wetu wanaita kolopati, na kuna wengi wana vyote viwili, vifuko na kolopati, na hata docta bingwa hawezi kukwambia leo maumivu haya ni ya nani. Kwa hiyo benzako wa parkingi wakisema ni ya kichwa waambie ni ya utumbo, ila utumbo na kichwa vinaongea kwa simu usiku na mchana. Ukiwa na woga, ukiwa na deni, ukiwa bariyeri saa moja nzima, tumbo linajua kabla yako. Nani mu mji huu hajui hilo.

Karuho. Hapa nitasema polepole juu najua bibi yako atasoma. Mama, nakuheshimu, unapigania mume wako. Sitakwambia Bukavu hakuna watu wabaya. Lakini sumu haichori vifuko mu skaneri. Haikai miaka mitatu mahali pamoja, ikiachilia kila mtu akienda choo na kurudi kila akibana. Na wiki mbili baada ya kasiksi! Ndani ya wiki mbili Papa alikula mara ngapi, kwa watu wangapi, njia nzima mpaka Kamituga? Mbona hatukumshika mwenye brosheti.

Kuna kitu docta alinikumbusha na nikacheka peke yangu. Hivi vifuko kwa sehemu vinarithiwa. Wauswidi waliangalia mapacha maelfu wakakadiria karibu asilimia 40 ya hatari inatoka kwa damu ya familia. Papa, mdogo wako mna baba mmoja na mama mmoja? Basi yule unayemkimbia anaweza kuwa na ule ule ukuta wa utumbo, na yeye pengine ana sashe yake ya amibe kule Bagira. Mpigie simu umuulize tumbo lake. Shamba mtaongea siku nyingine.

Puwari, hapana. Hapa sitafuti maneno matamu. Utumbo uliokuwa umevimba miezi miwili iliyopita, mtu aje apitishe maji na miti kwa nyuma kwa presha bila kuona ndani, unaweza kutoboka, na kinyesi kikiingia mu tumbo ni kukimbizana na kifo. Nilishaona mu salo ya opereshen, mama mmoja mnene mwenye kicheko, aliletwa saa nne usiku baada ya puwari ya tatu, tumbo gumu kama meza. Alipona, lakini alikaa miezi na mfuko wa choo ubavuni. Kutapishwa nako kunakukausha maji. Zile dola 150 ziko na kazi, nakuja.

Kansa. Divertikuli haigeuki kansa. Lakini kansa ya utumbo mkubwa inaweza kuumiza vile vile, na ku skaneri ukuta uliovimba unaweza kuificha, njo maana docta alitaka kolonoskopi, yaani kamera inayopitishwa kwa nyuma kuangalia ndani ya utumbo, si kwa kukusumbua. Wanangoja wiki 6 mpaka 8 juu wakiingiza hewa wakati kuna moto wanaweza kutoboa. Wewe uko wiki ya nane, hujachelewa, lakini usiongeze safari nyingine ya Kamituga hapo juu. Utakunywa dawa ya kusafisha, utashinda choo siku nzima, ni kero lakini inapita. Dola za karuho zianzie pale. Uulize pia habari ya opereshen, lakini kwa shambulio moja lililopona wengi hawakatwi.

Tuje mezani, na hapa ninafurahi. Papa wa kitanda cha jirani alikuambia kile madocta wenyewe walisemaka miaka na miaka, kwamba mbegu zinaingia mu kifuko zinakwama. Ilikuwa mawazo tu. Mwaka 2008 Wamarekani walitoa matokeo ya wanaume zaidi ya 47,000 waliofuatwa miaka 18, wenye kula karanga na mahindi ya kupasuka hawakuumwa zaidi, hata waliumwa kidogo kuliko wengine. Kula nyanya yako. Kula marakuja. Na kumkataza mtu wa Bukavu maharagi, atakula nini, hewa?

Maharagi ndiyo dawa yenyewe kwa sehemu. Kikombe kimoja yakiwa yameiva kina zaidi ya gramu 10 za nyuzinyuzi, na avoka kubwa moja karibu hivyo hivyo, wakati mtu mzima anatafuta gramu 30 hivi kwa siku. Bugali nyeupe ya muhogo na brosheti na mukate vinakuletea kidogo tu. Kuna docta wa Ireland, Denis Burkitt, alifanya kazi hapa jirani Uganda miaka mingi, ku Mulago, akaona wanakijiji wanaokula vyakula vya shamba karibu hawana huu ugonjwa wakati Waingereza wamejaa nao, na mwaka 1971 yeye na mwenzake Painter wakaandika kwamba ni ugonjwa wa kukosa nyuzinyuzi. Leo tunajua si rahisi hivyo, mwaka 2012 Wamarekani wengine wakakuta hata wenye kula nyuzinyuzi nyingi wana vifuko, kwa hiyo usijilaumu wala usimlaumu bibi kwa kupika. Lakini kwa kuzuia vifuko visishike moto, chakula cha shamba bado kinasimama upande wako. Sigara haisimami upande wako, kama unavuta. Hukusema, na mashofere hawasemi.

Ila usianze kesho na sahani ya mlima, utapasuka kwa gaze na uniandikie matusi. Maharagi yalowekwe usiku, maji yale yamwagwe, anza na vijiko vinne vitano, baada ya wiki ongeza. Sombe, lenga-lenga, viazi na ngozi yake ikioshwa vizuri, uji wa mtama. Itachukua wiki kadhaa kabla ya kuona faida. Na maji, Papa. Nyuzinyuzi bila maji ya kutosha inaganda kama sima, wewe unaipakia unajua. Chupa ya litre moja na nusu ikae pembeni ya kiti, iishe kabla ya Mwenga. Kama siku moja moto unarudi kidogo, ule wa kupumzikia nyumbani, siku mbili tatu supu na uji mwepesi, kisha urudi pole pole kwa vyakula vyako.

Na kubana kuishe. Choo ikikaa, utumbo unaendelea kufyonza maji yake, inakuwa ile ya mbuzi, na kusukuma ile ya mbuzi njo presha. Fanya hivi: chakula ama chai ya moto ikiingia tumboni asubuhi, utumbo mkubwa wa chini nao unaamka kusukuma, ni kawaida ya mwili. Basi amka nusu saa mbele, kunywa chai, kaa choo dakika kumi bila simu, miguu juu ya kibao kidogo magoti yapande. Siku za kwanza haitatoka kitu. Mwili unajifunza kama konvwayeri mpya. Kwa maumivu ya kukamua docta anaweza kukuandikia dawa ya kulegeza misuli ya utumbo, zipo na si ghali, uliza, usichague mwenyewe ku farmasi. Tunajua tabia yako na farmasi.

Andika pia. Kadaftari kadogo, tarehe, umekula nini, choo ya namna gani, maumivu saa ngapi, ulikuwa umebana ama hapana, ulikuwa na hasira ama hapana. Mwezi mmoja. Siku ya kolonoskopi peleka hako kadaftari, na sashe yote ya karatasi 11, na ile ya skaneri uiweke juu kabisa isipotelee mu amibe. Na docta akiongea Kifaransa mbio mbio mwambie "Docta, samahani, rudia mu Kiswahili." Ni haki yako, na wengi wakiombwa wanakaa chini wanaeleza, ni vile hakuna mwenye anaomba.

La mwisho nataka umsomee konvwayeri wako, siyo wewe, juu siku ile wewe hutakuwa na akili ya kuamua. Mwambie: Papa akipata homa na maumivu yasiyoachilia, tumbo likiwa gumu kama ubao, akitapika na choo wala gaze havitoki, damu nyingi ikitoka choo hata kama haimuumi, choo ikiwa nyeusi kama lami, ama mkojo ukitoka na mapovu ya hewa ama harufu ya choo, hakuna kumalizia safari, hakuna flajili, hakuna kumpa kitu cha kula, geuza gari mpaka hospitali yenye shirijii iliyo karibu, mzigo utabaki. Na kwako mwenyewe, ukianza kukonda bila sababu ama maumivu kukuamsha usiku, usingoje tarehe ya randevu.

Yule kijana alikushusha kutoka Mwenga na mimi simjui, lakini umlipe vizuri mwezi huu.